Padre Alexis Kagame: Mtafiti wa Elimu Nyingi, Mtumishi wa Ukweli Mmoja



Mto Kagera unatutenganisha na nchi ya Rwanda, lakini lugha zetu hazikuujali sana mpaka huo. Mnyambo wa Nyakatuntu akimsikia Mnyarwanda akizungumza hutambua maneno mengi bila kufundishwa. Sisi twasema omuntu, wao umuntu. Sisi ekintu, wao ikintu. Na mahali, sisi na wao twasema ahantu. Ni maneno ya kila siku, ya shambani na ya jikoni. Hata hivyo, kutokana na maneno hayo, padre mmoja wa ng'ambo ya mto aliandika kitabu kilichosomwa na kujadiliwa katika vyuo vikuu vya Afrika na Ulaya. Padre huyo ni hayati Alexis Kagame. Nimeona vema tumkumbuke, kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo wazazi na vijana wetu huniuliza mara kwa mara: je, kuna elimu yenye thamani na elimu isiyo na thamani?

Alexis Kagame alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, Rwanda, nchi hiyo ikiwa bado chini ya utawala wa Wajerumani, huku Mwami Yuhi Musinga akiwa kwenye kiti chake. Ukoo wake ulikuwa umewatumikia wafalme kwa vizazi vingi kama watunzaji wa habari za kale. Katika ukoo wa namna hiyo, kumbukumbu ilikuwa kazi ya heshima na tena ya hatari: aliyepotosha jina la mfalme au mpangilio wa matukio alikuwa anaharibu mali ya taifa zima. Mtoto Alexis alikulia katika hewa hiyo. Baadaye alisoma katika shule ya wamisionari, akaingia seminari, akamalizia masomo yake Nyakibanda, na mwaka 1941 akapewa daraja takatifu ya upadre.

Angali mseminari, alianza kufanya jambo ambalo wengi walilidharau. Aliwatafuta wazee waliokuwa washairi wa baraza la mfalme, akaketi nao, akaandika mashairi waliyoyashika kwa moyo. Baadhi ya wazee hao walikuwa wamekwisha kudhoofika, na mashairi yao yangezikwa pamoja nao. Mwami Mutara Rudahigwa, aliyebatizwa mwaka 1943, alimpa kibali cha kuandika hata kanuni za siri za ufalme, ambazo tangu zamani zilikabidhiwa kwa watu wachache tu walioapishwa kuzitunza. Ni vigumu kwetu leo kupima uzito wa ruhusa hiyo. Kilichokuwa kimeishi katika vifua vya wachache kwa karne nyingi kiliwekwa katika karatasi kwa mkono wa padre kijana.

Hapo ndipo tunapoona upana wa akili yake. Kama mwanahistoria, alitoa kwa Kinyarwanda kitabu cha habari za wafalme, Inganji Kalinga, katika miaka ya 1940. Kama mhariri, alisimamia gazeti la Kikatoliki Kinyamateka, akawafundisha watu wa kawaida kusoma na kuandika habari zao. Kama mtaalamu wa fasihi, alichapisha mwaka 1951 uchambuzi wa mashairi ya kifalme, akionyesha kanuni zake za vina, mafumbo na mpangilio. Kama mshairi, alitunga mwaka 1949 shairi la kuchekesha la kumsifu nguruwe, yule mnyama ambaye nyama yake hukoleza ladha ya viazi. Tena alitunga utenzi mrefu juu ya uumbaji na wokovu, akitumia mtindo ambao wafugaji walikuwa wakiutumia kuwasifia ng'ombe wao wa pembe ndefu. Aliona kwamba maneno bora kabisa ya watu wake yastahili kutumika kumsifu Mwenyezi Mungu. Mwaka 1950 alipokelewa katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji iliyoshughulikia elimu za makoloni, akiwa Mwafrika wa kwanza kuingia humo.

Elimu hiyo ilimletea pia msalaba. Mwaka 1952 alichapisha kitabu kilichoeleza mfumo wa sheria na utawala wa Rwanda ya kale. Watawala wa Kibelgiji, waliokuwa wakijitahidi kuubadilisha mfumo huo, waliona kitabu hicho ni tishio. Wakamshinikiza askofu wake, naye akapelekwa Roma. Wengine wangelinung'unikia agizo hilo hadi kufa. Yeye aliingia Chuo Kikuu cha Gregoriana, na mwaka 1955 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Adhabu iliyokusudiwa kumnyamazisha ikawa mlango wa kazi yake kubwa kuliko zote.

Kazi hiyo ndiyo inayotuhusu sisi tunaosema omuntu na ekintu. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alikuwa amevigawa vitu vyote vilivyopo katika makundi kumi. Kagame alijiuliza: je, lugha ya mama yangu nayo haina mgawanyo wake? Akachunguza ngeli za majina, jambo ambalo kila mtoto wetu hulitumia bila kufikiri. Akapendekeza kwamba vyote vilivyopo hugawanyika katika makundi manne: umuntu, yaani kiumbe chenye akili, ikintu, kitu kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna vitu vilivyo. Yote manne yamejengwa juu ya shina moja, ntu. Mwaka 1976 aliupanua uchunguzi huo kwa kulinganisha lugha nyingi za Kibantu. Hivyo sarufi, ambayo wengi huiona kuwa somo kavu la darasani, ikawa njia ya kuuliza swali la juu kabisa: kuwapo ni nini?

Aliporudi nyumbani mwaka 1958 alifundisha seminarini, na Chuo Kikuu cha Rwanda kilipoanzishwa mwaka 1963 akawa miongoni mwa maprofesa wake wa kwanza. Alifundisha pia Lubumbashi, nchini Kongo. Aliaga dunia ghafla tarehe 2 Desemba 1981, akiwa safarini Nairobi.

Sasa, wapendwa, tusimwandike marehemu kama malaika. Wanahistoria waliokuja baadaye, akiwamo Jan Vansina, walionyesha kwamba Padre Kagame aliyaamini mno masimulizi ya ikulu, hata katika kukadiria miaka ya wafalme wa kale. Kinachotunzwa na ikulu ni habari ya ikulu. Mkulima aliyelima mtama, mama aliyefinyanga vyungu na mtumishi aliyechota maji hawakuwa na mshairi wa kuwakumbuka. Katika nchi iliyokuja kuvuja damu kwa ajili ya migawanyiko, upungufu huo si jambo dogo. Kwa upande wa falsafa, Paulin Hountondji wa Benin alipinga kwamba sarufi ya lugha haiwezi kuitwa falsafa. Falsafa, alisema, ni kazi ya watu wanaofikiri, kuandika na kubishana wakijua wanachofanya. Mabishano hayo hayakuifuta kazi ya Kagame. Kinyume chake, aliacha maandishi yaliyo wazi kiasi kwamba wengine waliweza kuyapima na kuyasahihisha. Hiyo ndiyo heshima ya utafiti: mtafiti mwaminifu huacha mlango wazi kwa atakayemkosoa.

Na hapa ndipo ninapoona sababu ya Mungu kuturuhusu kuwa na elimu nyingi, na si moja. Kila elimu ina swali lake na chombo chake. Tazameni kilima kimoja tu cha Nyakatuntu. Mtaalamu wa miamba atauliza kilifanyikaje. Mtaalamu wa kilimo atauliza kwa nini migomba inanyauka na namna gani ugonjwa unahama kutoka shamba hadi shamba. Mwanahistoria atauliza ni nani waliokaa hapo siku za wafalme wa Kihinda, ambao makao yao yalikuwa Bweranyange. Mwanaisimu atauliza jina la kilima limetoka wapi. Mwanateolojia atauliza Muumba anasema nini na watu wanaoishi juu yake. Hakuna hata mmoja kati yao awezaye kumwambia mwenzake kwamba swali lake ni la upuuzi, wala hakuna awezaye kujibu kwa niaba ya wote.

Mkoa wetu wenyewe una ushahidi. Katika miaka ya 1970, wazee wa Katuruka, karibu na Bukoba, walimweleza mwanaakiolojia Peter Schmidt masimulizi ya kale juu ya mti mkubwa na wahunzi wa chuma. Wataalamu walichimba mahali hapo, wakakuta mabaki ya uhunzi wa zamani sana, wa takriban miaka elfu mbili. Kisha wazee Wahaya waliokumbuka kazi ya ujana wao walijenga tena tanuri, wakayeyusha chuma, na wataalamu wa madini wakakipima. Ikaonekana kwamba mababu walijua kuipasha hewa joto kabla haijafika motoni, na hivyo kupata chuma cha pua. Masimulizi peke yake yangeitwa hadithi, na mavi ya chuma peke yake yangebaki takataka za ardhini. Msimulizi, mchimbaji na mpima madini walihitajiana. Vivyo hivyo, msomi wetu Israel Katoke alipoandika historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu kilichotoka mwaka 1975, kazi yake isingewezekana kama wazee wasingalisimulia.

Nasema haya kwa sababu ya majonzi ninayoyaona. Kijana akipangiwa masomo ya sanaa, baadhi ya wazazi hulia kana kwamba amefeli. Mwingine akipenda fizikia, anaambiwa na wenzake kwamba atapoteza imani. Maneno yote mawili si sahihi. Kanisa, katika waraka wa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili juu ya imani na akili wa mwaka 1998, limefundisha kwamba ukweli hauwezi kupingana na ukweli, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja. Binti anayechunguza ugonjwa wa migomba na kijana anayechunguza methali za bibi yake wote wanafuata nyayo za Mungu katika kazi zake, kila mmoja kwa njia yake. Kinachodaiwa kwa wote wawili ni uaminifu, uvumilivu na unyenyekevu wa kusahihishwa.

Padre Kagame alianza na daftari na mzee mmoja aliyekuwa tayari kusimulia. Hakungoja maabara wala fedha za wafadhili. Katika vigango vyetu bado wako wazee wanaojua majina ya kale ya vilima, dawa za mifugo, nyimbo za mavuno, na habari za makatekista waliotangulia kuleta Injili katika vijiji vyetu. Kila tunapomzika mmoja wao, tunazika na maktaba yake. Nawaomba vijana wa jumuiya ndogondogo, na hasa wanafunzi mnaorudi nyumbani wakati wa likizo: ketini na babu na bibi zenu, andikeni, ulizeni tena mahali msipoelewa, na wekeni jina la msimulizi pamoja na tarehe. Mnaweza kurekodi hata kwa simu. Leteni nakala parokiani ili zitunzwe. Baadaye atakuja mwanahistoria, au mwanaisimu, au daktari, naye atakuta ndani yake jambo ambalo ninyi hamkuliona.

Katika sala zetu za kuwaombea marehemu, tumkumbuke Padre Alexis Kagame na wale wazee ambao majina yao hayakuandikwa, waliomsimulia yote aliyoyaandika. Bwana awajalie kumwona uso kwa uso Yeye aliye Ukweli wenyewe.