Aliyeandika saa nyuma ya mawingu

Ukitoka misani leo, tazama mawingu. Mchoraji John Constable, aliyezaliwa Suffolk, Uingereza, mwaka 1776, aliyajua tangu utotoni: baba yake alikuwa na vinu vya kusaga nafaka, na kinu cha upepo humlazimisha mtu kusoma anga.

Alimpenda Maria. Babu yake binti, mchungaji wa kijiji, hakutaka mkwe mchoraji (ndiyo, mtu wa kanisa!), wakangoja miaka saba hadi 1816. Kisha Maria akaugua kifua kikuu. Wakaenda Hampstead, kwenye hewa safi, na hapo mwaka 1821 na 1822 Constable alichora mawingu siku baada ya siku, akiandika nyuma ya picha tarehe, saa na upepo uvumako.

Mwaka 1828 Maria alifariki, akimwachia watoto saba.

Itafute picha yake ya Kanisa Kuu la Salisbury, ya 1831. Mawingu meusi yamelizingira, upinde wa mvua umejikunja juu yake, na chini farasi wanavuta mkokoteni kuvuka maji. Dhoruba bado ipo.