Johana Owalo, Mjaluo Aliyesema Amepewa

Jina la Manyatta huenda likampotosha msomaji wa pwani akadhani ni boma la Wamasai. La hasha. Manyatta ni mtaa wa mji wa Kisumu, wenye watu wengi na nyumba zilizobanana, na madhehebu ya Kikristo katika pande hizo ni mengi hata mgeni hushindwa kuyahesabu. Mengine hayakuletwa na Mzungu yeyote. Aliyefungua mlango huo ni Mjaluo mmoja, marehemu Johana Owalo.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwezi Desemba, 1901. Wamishenari nao hawakukawia. Wakatoliki walijenga Ojola. Waadventista wakatua Gendia mwaka 1906, na mwaka huo huo Waanglikana wa CMS wakafungua Maseno. Wote walihubiri ahadi za Mungu yule yule, lakini kila kundi lilisema ahadi hizo zapatikana kwake tu, na kwa jirani ni upotevu. Mtu wa Nyanza amwamini nani?

Owalo alianza na Wakatoliki wa Ojola, akaenda kwa Waskoti huko Kikuyu, kisha akarudi akawa na CMS Maseno. Wapo waliomwona kigeugeu. Lakini kigeugeu hufuata maslahi, na huyu kila alipohama alianza upya.

Kisha, kwa masimulizi ya wafuasi wake, mwaka 1907 Malaika Jibrili alimchukua hadi mbinguni. Huko aliona Wazungu wakizuiwa wasiingie. Msomaji Mwislamu hatakosa kukumbuka Miraji, na papo hapo atasita, kwa kuwa wafuasi wa Owalo humwita nabii, naye anajua kwamba unabii ulikhitimishwa na Mtume Muhammad (S.A.W.). Hapo njia zinaachana. Hata hivyo mengine hayatakuwa mageni kwake. Owalo alifundisha kwamba Yesu si Mungu, akakataa mamlaka ya Papa, akaamuru wavulana watahiriwe. Wanaoandika habari zake huona humo alama za Uislamu, dini iliyokwisha kufika Nyanza kwa njia za biashara kutoka kwetu pwani.

Amri hiyo ya tohara haikuwa jambo dogo. Wajaluo hawakuwa na desturi hiyo. Wao waling'oa meno sita ya chini. Lakini katika Biblia tohara ni alama ya agano la Mungu na Nabii Ibrahim na kizazi chake. Aliyeshika alama hiyo alijihesabu ndani ya ahadi yenyewe, bila kungoja kuandikishwa na padri.

Dhehebu lake liliitwa Nomiya. Neno hilo la Kijaluo maana yake ni amenipa. Halisemi nimesomeshwa, wala nimetumwa na misheni. Ni Mungu aliyetoa, naye Owalo akapokea.

Kusema hivyo zama za ukoloni kulikuwa na hatari. Wafuasi wa Mumbo, waliotokea Alego mwaka 1913 na kutabiri kuondoka kwa Wazungu, waliandamwa na serikali. Kesi ya Owalo iliamuliwa na John Ainsworth, mkuu wa Jimbo la Nyanza. Marehemu Jaramogi Oginga Odinga ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 kwamba Ainsworth alimwona Owalo ana akili timamu, na mafundisho yake hayavunji amani wala maadili. Akampa ruhusa. Wamishenari waliomtaka anyamazishwe ilibidi wanyamaze wao.

Owalo alifariki mwaka 1920. Wafuasi wake walijenga shule zao wenyewe, na baadaye wakagawanyika, kama ilivyo kawaida ya madhehebu. Mwaka 2008, baada ya utafiti uliofanywa Kisumu kuonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya wanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI, serikali ilianza kuwahimiza wanaume wa Nyanza watahiriwe. Wazee wengi walibishana sana juu ya jambo hilo. Katika nyumba za Wanomiya hapakuwa na la kubishania, maana wana wao walikuwa wakitahiriwa tangu siku za Owalo.