Seyyid Majid: Mtawala aliyeiona Dar es Salaam kabla haijawa mji

Na Mwandishi Wetu

MAELFU ya watu hupita kila siku katika Barabara ya Sokoine, jijini Dar es Salaam, mbele ya jengo kuukuu la mawe ya matumbawe liitwalo Boma la Kale. Ni wachache wanaojua kuwa jengo hilo, lenye milango ya nakshi za Kizanzibari, ni miongoni mwa masalia ya mpango mkubwa wa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyefariki dunia Oktoba 7, 1870. Ndiye mwanzilishi wa mji ambao leo ni kitovu cha biashara cha Tanzania.

Maisha yake yana funzo kwa kila mwenye dhamana ya kupanga miji na uchumi wa mikoa. Alichagua mahali palipofaa na akajenga majumba ya kupendeza, lakini mara alipofariki mji wake ulisinzia kwa takriban miaka 17.

Mrithi mwenye hazina nyembamba

Majid alizaliwa mwaka 1834, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar. Kaka yake, Khalid, aliyetarajiwa kurithi Zanzibar, alifariki mwaka 1854. Baba yao alipofia baharini Oktoba 1856, Majid alishika madaraka Zanzibar, na kaka yake mwingine, Thuwaini, akabaki na Oman.

Utawala wake haukuanza kwa utulivu. Mwaka 1859 Thuwaini aliandaa merikebu za kuivamia Zanzibar, Waingereza wakazizuia njiani. Mwaka huo huo mdogo wake, Barghash, alifanya uasi na kujifungia katika nyumba ya shamba la Marseilles, nje ya mji. Uasi huo ulizimwa kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Miongoni mwa waliomuunga mkono Barghash alikuwamo dada yao, Salme, ambaye baadaye alijulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Majid alimsamehe.

Mwaka 1861, Lord Canning, Mwakilishi wa Malkia wa Uingereza nchini India, alitoa uamuzi wa kutenganisha dola hizo mbili. Zanzibar ikawa nchi inayojitegemea, kwa sharti la kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Kwa mtawala ambaye pato lake kubwa lilikuwa ushuru wa forodha, huo ulikuwa mzigo mzito.

Kwa nini Mzizima?

Utajiri wa Zanzibar wakati huo ulitegemea karafuu, pembe za ndovu, sandarusi na biashara ya watumwa. Ukusanyaji wa ushuru ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Kihindi ya Jairam Shivji. Misafara kutoka Unyamwezi na nchi za maziwa ilishukia hasa Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja.

Bagamoyo ilikuwa na biashara, lakini haikuwa na bandari ya kina. Maji yake ni mafupi na pwani yake imekaa wazi, hivyo vyombo vikubwa vililazimika kutia nanga mbali. Aidha, mamlaka ya mji yalikuwa mikononi mwa madiwani wa Kishomvi na ya wafanyabiashara waliokwisha kujijenga hapo. Sultani alikuwa na sauti, lakini hakuwa peke yake.

Kusini ya hapo kulikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kiitwacho Mzizima. Kando yake palikuwa na ghuba iliyozungukwa na nchi kavu, yenye maji ya kina na utulivu. Mwaka 1862 ndio hutajwa kuwa mwaka ambao Majid aliichagua ghuba hiyo. Ujenzi ulishika kasi kati ya mwaka 1865 na 1866, na mji ukapewa jina la Dar es Salaam.

Mpango wenyewe

Alichokifanya Majid ndicho ambacho leo tungekiita mkakati wa maendeleo ya mji na mkoa wake. Alitafuta maelewano na viongozi wa Wazaramo na Washomvi. Alijenga kasri lake ukingoni mwa ghuba, pamoja na nyumba za wageni na za maofisa wake. Visima vilichimbwa, na mashamba ya minazi yakapandwa kuuzunguka mji.

Kisha alivuta watu. Wafanyabiashara wa Kihindi na Waarabu kutoka Hadhramaut walihimizwa kuhamia. Septemba 1867 aliandaa karamu mjini humo na kuwaalika wawakilishi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani waliokuwa Zanzibar. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa mkutano wa kuwavutia wawekezaji.

Si haki kulisimulia hilo bila kutaja upande wake wa giza. Mji huo ulijengwa na mashamba yake yalilimwa kwa jasho la watumwa, ambao hawakupata fungu lolote katika neema iliyokusudiwa.

Kilichokosekana

Pamoja na hayo yote, biashara haikuhama. Misafara iliendelea kwenda Bagamoyo, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wanunuzi, wakopeshaji, maghala na wapagazi. Njia ya msafara ni mtandao wa watu wanaoaminiana na kudaiana, na mtandao wa namna hiyo hauhamishwi kwa amri wala kwa karamu.

Hata ghuba yenyewe ilikuwa na kasoro. Lango lake ni jembamba na lina kona, na kwa vyombo vilivyotegemea tanga, kuingia au kutoka upepo ukiwa wa mbisho ilikuwa kazi ya kuchosha. Bandari hiyo ilifaa zaidi kwa meli za moshi, ambazo wakati huo zilikuwa bado chache katika pwani hii.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mpango wote ulisimama juu ya mtu mmoja na mfuko wake. Hapakuwa na halmashauri ya mji wala kampuni iliyokuwa na hisa katika mafanikio yake. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliipiga vibaya Zanzibar. Majid, ambaye afya yake haikuwa imara kwa miaka mingi, alifariki akiwa na umri wa miaka 36 hivi, bila kuacha mtoto wa kiume.

Barghash, yule yule aliyeasi mwaka 1859, ndiye aliyerithi. Hakuwa na sababu ya kuupenda mji wa kaka yake, na matatizo yake mwenyewe yalimtosha. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1873 alishinikizwa kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Majumba ya Dar es Salaam, mengine yakiwa hayajakamilika, yakaachwa yaporomoke.

Wengine wavuna

Mwaka 1877 Waingereza William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton walianzisha ujenzi wa barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilifika zaidi ya kilomita 100, ikaachwa mwaka 1881. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe wa kukokota magari, na mizigo ya kuilipia barabara hiyo haikuwapo.

Wajerumani walipoingia mwaka 1887 walikuta mji mdogo wa watu wa elfu chache, ukiwa na ghuba ile ile aliyoiona Majid. Mwaka 1891 waliuhamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Sasa meli za moshi zilikuwa nyingi, na lango jembamba halikuwa tena kikwazo kikubwa.

Lakini kilichoamua mshindi ni reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza mwaka 1905 ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya zamani ya misafara ilipata mrithi wa chuma, na mwisho wake wa pwani ukawa Dar es Salaam. Ndipo Bagamoyo ilipofifia.

Funzo kwa wapangaji wa leo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Jicho la Majid kuhusu mahali halikukosea hata kidogo. Alichokosa ni njia ya kuufunga mji na bara inayoulisha, na chombo cha kuubeba mpango baada yake.

Tofauti hiyo inaonekana katika historia ya Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu ya nchi ulifanywa mwaka 1973, ukakabidhiwa mamlaka maalumu ya kuustawisha mji. Ulikwenda kwa kusuasua kwa zaidi ya miaka 40, lakini haukufa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999. Mwaka 2018 ulitiwa katika sheria, na mwaka 2024 treni za reli ya kisasa zikaanza kuiunganisha Dodoma na Dar es Salaam.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Kila anapotangazwa mwekezaji wa mji mpya, bandari mpya au eneo jipya la viwanda, wananchi wana haki ya kuuliza maswali ambayo karamu ya mwaka 1867 haikuyajibu: mizigo itatoka wapi, itapita njia gani, wenyeji watapata nini, na nani ataendeleza kazi mwenye wazo atakapokuwa hayupo?