Camilo Torres: Madhabahu na Bunduki

Wanafunzi hawachoki kuuliza: je, Mkristo aweza kuyakubali mafundisho ya Karl Marx bila kuisaliti imani yake? Wapo wanaojibu upesi kwamba Marx alimkana Mungu, na mjadala ukaishia hapo. Maisha ya Padri Camilo Torres Restrepo yanatudai jibu lililopimwa zaidi.

Camilo alizaliwa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mnamo 1929, katika jamaa yenye nafasi; babake alikuwa daktari. Alipewa daraja la upadri mwaka wa 1954, kisha akaenda Ubelgiji kusomea sosholojia katika Chuo Kikuu cha Leuven. Aliporejea, alikuwa miongoni mwa walioasisi taaluma hiyo katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Bogotá. Utafiti ulimfunza kwamba umaskini wa wakulima haukuwa majaliwa ya Mungu, bali ulitokana na ardhi na mamlaka kushikwa na wachache. Hapo ndipo alipokutana na Marx.

Hata hivyo, hakumeza kila kitu. Alitangaza kuwa yeye hakuwa mkomunisti, ila angeshirikiana na wakomunisti kutafuta haki. Hoja yake ilikuwa ya Injili: upendo usiomshibisha jirani mwenye njaa ni mkono mtupu, nao, kama walivyonena wahenga, haulambwi. Kwa kuwa sadaka ya mtu mmoja mmoja haitoshi, sharti mfumo wenyewe ubadilike.

Mwaka wa 1965 aliunda vuguvugu la Frente Unido. Akafarakana na wakuu wa Kanisa, akaomba kuvuliwa majukumu ya upadri. Aliacha kuadhimisha Misa, akishika agizo la Kristo la kupatana na ndugu kabla ya kutoa sadaka. Baadaye mwaka huo alijiunga na wapiganaji wa ELN msituni. Tarehe 15 Februari 1966 aliuawa katika pambano lake la kwanza, akiwa na umri wa miaka 37.

Kwa maoni yangu, maswali ni mawili. Kuhusu chanzo cha umaskini, Mkristo aweza kuketi meza moja na Marx. Kuhusu namna ya kumtendea mdhalimu, njia zinaweza kuachana, kwani kwa Mkristo hata adui ni jirani. Camilo mwenyewe aliiacha madhabahu kabla ya kuishika bunduki.

Lakini sisi tunaoilaumu bunduki yake hatujaponyoka. Je, mkononi mwetu mna nini cha kumpa mwenye njaa?