John Kirk na mmea wa kombe: jinsi sumu ya mishale ilivyopimwa ikawa dawa ya moyo

Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, ilipo Kata ya Bukundi, inapakana na bonde la Ziwa Eyasi. Wahadzabe wanaoishi katika maeneo yanayolizunguka bonde hilo wamewinda kwa upinde tangu enzi za mababu zao. Ncha za mishale yao hupakwa sumu inayotokana na mimea, ukiwamo mmea wa waridi la jangwani na mwingine wa jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Strophanthus. Mnyama aliyechomwa mshale huo huanguka kwa sababu moyo wake huacha kupiga, na nyama yake huliwa bila madhara.

Mmea ulio ndugu wa huo, uliotumiwa na wawindaji wa kusini mwa Ziwa Nyasa, uliipatia dunia mojawapo ya dawa za ugonjwa wa moyo. Aliyeutambua na kuufikisha mikononi mwa wanasayansi ni Sir John Kirk, tabibu ambaye wengi humfahamu zaidi kwa nafasi yake katika siasa za Zanzibar ya karne ya 19.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, karibu na Arbroath, Scotland. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Tangu ujana wake alipenda elimu ya mimea kiasi kile kile alichopenda tiba. Wakati wa vita vya Crimea alihudumu katika hospitali iliyojengwa Renkioi, nchini Uturuki, kwa ajili ya askari majeruhi wa Uingereza.

Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Katika bonde la mto Shire, kusini mwa Malawi ya leo, alikutana na Wamang'anja waliowinda kwa mishale yenye sumu iliyoitwa kombe. Alitaka kujua sumu hiyo ilitokana na mmea gani, lakini kila alipouliza alionyeshwa mmea usiokuwa wenyewe. Wenyeji waliilinda siri yao, na haikuwa ajabu: silaha ya mtu haielezwi kwa mgeni asiyejulikana nia yake.

Siku moja, katika kijiji cha Chibisa kilichokuwa kando ya mto huo, Kirk aliona mmea unaotambaa juu ya mti mrefu, ukiwa umezaa maganda ya mbegu. Alitafuta mtu wa kumpandia asimpate, akaamua kuupanda mti mwenyewe. Wenyeji walipomwona anayashika maganda yale, waliogopa kwamba utomvu ungemwingia kwenye jeraha au mdomoni. Wakamwonya awe mwangalifu, na kwa kumwonya wakakiri kwamba huo ndio mmea wa kombe. Siri iliyofichwa kwa muda mrefu ilitolewa ili kuokoa maisha ya mgeni.

Jaribio la kwanza la mmea huo juu ya binadamu katika kumbukumbu za msafara lilitokea kwa bahati. Kirk aliweka mswaki wake katika mfuko uliokuwa na chembe za sumu ile. Alipousugua mdomoni alihisi uchungu, akadhani ni mabaki ya kwinini. Wakati huo alikuwa na mafua, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yamepanda. Muda mfupi baadaye mapigo hayo yalishuka, na siku iliyofuata alikuwa mzima. Mtu mwingine angelisahau jambo hilo. Kirk, kwa kuwa alikuwa tabibu, alitambua kwamba kitu kinachoweza kuusimamisha moyo wa mnyama kimeutuliza moyo wake kwa kipimo kidogo sana.

Vielelezo alivyokusanya vilipelekwa katika Bustani ya Kifalme ya Kew, karibu na London, ambako mmea ulielezwa kitaalamu na kupewa jina la Strophanthus kombe. Uchunguzi wa tiba ulifanywa na Thomas Richard Fraser wa Edinburgh. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1860, Fraser alijaribu sumu hiyo kwa vyura na kuonyesha kwamba hushika moyo kabla ya misuli mingine. Alitenga kiini chake, strofanthini, kisha akapima ni kiasi gani huua na ni kiasi gani hunufaisha. Mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wa Uingereza waliokutana Cardiff matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika. Mwaka 1906 daktari Albert Fraenkel, akiwa Strasbourg, alianza kuidunga kwenye mshipa, kwa kuwa ikimezwa huingia mwilini kwa kiasi kidogo. Sababu hiyo husaidia pia kueleza kwa nini wawindaji waliweza kula nyama ya mnyama waliyemwua kwa sumu.

Wakati majaribio ya Fraser yakiendelea, Kirk alikuwa Zanzibar. Alifika kisiwani mwaka 1866 akiwa daktari wa ofisi ya uwakilishi wa Uingereza, na baadaye akawa balozi mdogo wa nchi hiyo. Mwaka 1873, huku Uingereza ikitishia kukizingira kisiwa kwa manowari, alimshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa. Aliendelea kukusanya mimea na kuikuza katika bustani yake huko Mbweni, na kuwasiliana na Fraser kuhusu kombe. Aliondoka Zanzibar mwaka 1886, akafariki dunia tarehe 15 Januari 1922 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89.

Maisha ya Kirk yanaonyesha kazi mbili ambazo hazitengani. Ya kwanza ni ya wawindaji, waliojua kwa uzoefu wa vizazi mmea upi unashika moyo, unatayarishwaje na unaogopwa kwa nini. Ya pili ni ya maabara, iliyopima kiasi. Bila wenyeji, Fraser asingekuwa na cha kupima; na bila vipimo, kombe ingebaki silaha, kwa maana tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kinachoua katika mimea ya aina hiyo ni ndogo mno. Ndiyo maana si salama kwa mtu yeyote kuijaribu nyumbani.

Hata hivyo, hesabu ya heshima haikugawanywa sawa. Jina la Kirk na la Fraser yameandikwa vitabuni. Wamang'anja waliomwonya chini ya mti ule hawakuandikwa majina, wala historia ya dawa hiyo haitaji fungu lolote walilopata. Kilichobaki kwao ni neno moja la lugha yao, kombe, ndani ya jina la kisayansi la mmea.

Tanzania ya leo ina nyenzo za kufanya vizuri zaidi. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1974, huchunguza mimea inayotumiwa na waganga nchini, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 imeweka baraza la kusimamia huduma hiyo. Mtafiti atakayefika Bukundi au kando ya Ziwa Eyasi kuuliza habari za mmea ana wajibu ambao msafara wa Zambezi haukuutimiza: kuandika jina la aliyemfundisha, kwa ridhaa yake, na kurudi kumweleza maabara imeona nini.