Nidhamul-Mulk, Waziri Aliyejenga Madrasa

Jina lake khasa ni Al-Hasan bin Ali, na Nidhamul-Mulk ni lakabu, maana yake mpango wa ufalme. Alizaliwa mwaka 408 Hijria (1018) katika nchi ya Tus, Khurasani. Alisoma Qurani na fiqhi ya Kishafii, kisha akaingia ukarani wa serikali, akapanda daraja kwa daraja hata akawa waziri wa Sultani Alp Arslan wa Kiseljuki, na baada yake wa mwanawe, Malik Shah. Alishika uwaziri karibu ya miaka 30.

Kabla yake, waziri Al-Kunduri aliwaudhi wanavyuoni wa Kiash'ari, wakalaaniwa juu ya mimbari, na Imamu Al-Juwayni akahama Nisapuri kwenda kukaa Hijazi. Nidhamul-Mulk aliiondoa laana ile, akamrejesha Imamu na kumjengea madrasa. Mwaka 1067 ikafunguliwa Nidhamiya ya Baghdad. Walimu walipewa mishahara na wanafunzi posho, na mali za wakfu ziliendesha kazi yote. Mwaka 1091 akamweka Imamu Ghazali kusomesha hapo.

Wala hakuwa mtu asiye na ila. Aliwapa wanawe na jamaa zake vyeo vikubwa, mpaka Sultani mwenyewe akaona uzito. Mke wa Sultani, Terken Khatun, naye alikuwa na uadui naye juu ya urithi wa kiti. Na nje walikuwako Maismaili wa Alamuti, ambao yeye aliwapiga vita.

Usiku wa Ramadhani mwaka 485 (Oktoba 1092), safarini kwenda Baghdad, karibu na Nahawandi, alimjia mtu aliyevaa nguo za kisufi kama mwenye haja. Waziri akampokea, kumbe ana kisu. Wengi husema katumwa na Alamuti. Wengine waliwashuku wakubwa wa baraza. Kiasi cha mwezi mmoja baadaye Malik Shah naye akafa, wanawe wakapigania kiti, na dola ikagawanyika.

Basi ndugu zangu, tazameni. Vyeo alivyowapa jamaa zake vimekwisha, na ufalme ule haupo. Lakini vitabu vya Ghazali vingali vikisomwa katika misikiti yetu ya pwani. Mwenye mali kwetu na ajiulize: atumiayo katika karamu ya siku moja, yangalisomesha watoto wangapi? Mwenyezi Mungu amrehemu waziri huyu, na atuzindue.