Michael Faraday na Mabamba ya Mto Thames

Umeme utokao katika mitambo ya maji, kama ile ya Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu, hupatikana kwa nguvu ya sumaku na nyaya zinazozunguka. Njia hiyo ya kupata umeme iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza. Habari za mafanikio yake zinajulikana kwa wengi. Katika somo hili tutajifunza pia habari za jaribio lake moja lililoshindwa, kwa maana jaribio hilo nalo lina mafunzo makubwa.

Michael alizaliwa karibu na London tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa mara kwa mara, hivyo familia yao iliishi katika umaskini. Michael alikwenda shule kwa muda mfupi tu, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Alipotimiza umri wa miaka 13 aliajiriwa kuwa mtumwaji wa duka moja la vitabu. Mwaka uliofuata akaanza kufundishwa kazi ya kujalidi vitabu, na akaifanya kwa miaka 7.

Kazi hiyo ikawa ndiyo shule yake. Alisoma vitabu vingi alivyoletewa kuvijalidi. Katika ensaiklopidia moja alikuta maelezo juu ya umeme, nayo yakamvutia sana. Kwa fedha chache alizokuwa nazo alinunua vitu vidogo vidogo, akatengeneza vyombo vyake mwenyewe na kuyajaribu yale aliyoyasoma. Tangu ujana wake hakupenda kusadiki jambo la sayansi mpaka amelijaribu kwa mikono yake.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tikiti za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy, katika taasisi ya sayansi iitwayo Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akachora picha za vyombo alivyoviona, akazijalidi karatasi zake zikawa kitabu, kisha akampelekea Davy pamoja na maombi ya kazi. Mwezi Machi mwaka 1813 alipokelewa katika taasisi hiyo kuwa msaidizi wa maabara. Hapo ndipo alipofanyia kazi karibu maisha yake yote.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alifanya jaribio lililobadili maisha ya watu duniani. Alichukua pete nene ya chuma, akaizungushia nyaya mbili zisizogusana. Kila alipoanza au alipokatiza kupitisha umeme katika waya wa kwanza, umeme ulipita kwa kitambo kidogo tu katika waya wa pili. Baada ya hapo aligundua kwamba hata sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hupatikana. Mwezi Oktoba alizungusha kisahani cha shaba nyekundu katikati ya ncha za sumaku, akapata mkondo wa umeme usiokatika. Hiyo ilikuwa jenereta ya kwanza.

Sasa fikiri kama alivyofikiri Faraday. Shaba ikipita mbele ya sumaku, umeme hutokea. Dunia yetu ni sumaku kubwa. Ndiyo sababu sindano ya dira huelekea kaskazini. Maji ya mto nayo hupitisha umeme kidogo. Je, mto unaotiririka juu ya sumaku hiyo kubwa hautatoa umeme kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili?

Mwezi Januari mwaka 1832 Faraday alikwenda kulijaribu jambo hilo katika Daraja la Waterloo, juu ya Mto Thames. Alitandaza juu ya ukuta wa daraja waya wa shaba wenye urefu wa futi 960, yaani karibu mita 293. Kutoka katika kila mwisho wa waya huo aliteremsha waya mwingine wenye bamba kubwa la shaba, mpaka bamba likazama majini. Kisha akaunganisha galvanometa, yaani chombo chenye sindano inayocheza umeme upitapo.

Sindano ilicheza! Mtu mwenye haraka angalirudi nyumbani akitangaza ushindi. Lakini Faraday aliona kwamba sindano ilicheza bila utaratibu. Akaanza kutafuta sababu moja baada ya nyingine. Aligundua kwamba maji ya upande mmoja wa mto hayakuwa safi sawasawa na maji ya upande wa pili, wala joto lake halikuwa sawa. Aligundua pia kwamba tofauti ndogo kati ya bamba moja na jingine, au katika risasi iliyounganishia nyaya, ilitosha kutoa umeme. Basi umeme ule haukuwa umeme wa mto alioutafuta. Aliondoa mabamba ya shaba, akaweka ya platini, metali ambayo hailiki upesi. Akapima maji ya katikati ya mto peke yake. Siku tatu zikapita, asipate jibu la kuaminika.

Faraday hakuficha jambo hilo. Katika maandishi yake aliyoyatangaza mwaka ule ule, alieleza wazi kwamba ameshindwa, akataja na sababu zilizomshinda. Hata hivyo, wazo lake lilikuwa sahihi. Miaka mingi baadaye wataalamu wenye vyombo bora zaidi waliupima umeme unaoletwa na mwendo wa maji ya bahari.

Mwaka 1833 Faraday aligundua jambo jingine. Metali hupitisha umeme vizuri zaidi inapokuwa baridi. Lakini alipopasha moto salfaidi ya fedha, yaani mchanganyiko wa fedha na salfa, aliona kwamba ilipitisha umeme vizuri zaidi kadiri ilivyozidi kupata joto. Mwaka 1834, kwa msaada wa mwanachuoni William Whewell, alitangaza neno elektrodi. Elektrodi ni kipande ambacho umeme huingilia au hutokea katika maji, gesi au kitu kingine. Mabamba yale ya darajani yalikuwa elektrodi.

Faraday alipata sifa nyingi, lakini aliishi maisha ya kawaida. Alikataa cheo cha heshima cha Uingereza, akapenda kuitwa Bwana Faraday tu. Kwa miaka mingi aliwafundisha watoto sayansi wakati wa Krismasi. Alifariki dunia tarehe 25 Agosti 1867.

Wazo la Mto Thames halikufa pamoja naye. Katika karne ya 20 wahandisi walifikiri kutumia gesi yenye moto mkali badala ya maji ya mto, na sumaku zenye nguvu badala ya sumaku ya dunia. Mtambo wa namna hiyo huitwa mtambo wa magnetohaidrodinamiki. Gesi yenye joto la kiasi cha nyuzi za Sentigredi 2,500 hutiwa chumvi ya potasi ili ipitishe umeme vizuri, kisha hupitishwa kwa kasi kubwa katikati ya sumaku. Umeme hukusanywa na elektrodi zilizo katika kuta mbili zinazoelekeana. Mwaka 1971 Muungano wa Sovieti ulianza kuendesha mtambo mkubwa wa aina hiyo huko Moscow.

Hapo likarudi swali lile lile la darajani: elektrodi zitengenezwe kwa kitu gani? Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, chuma nyuzi 1,538, na platini nyuzi 1,768. Metali ikipozwa kwa maji isiyeyuke, gesi iliyo karibu nayo hupoa, na umeme hupita kwa kurukaruka kama cheche kali zinazoila metali hiyo. Kwa hiyo wataalamu walijaribu seramiki, yaani vitu vigumu vinavyotengenezwa kwa kuchoma udongo au unga wa madini. Seramiki mojawapo ni zirkonia, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 2,700 hivi. Ikiwa baridi haipitishi umeme. Ikipata moto mkali hupitisha, kama ile salfaidi ya Faraday.

Lakini seramiki nayo ina udhaifu wake. Umeona jinsi chungu chenye moto kinavyopasuka kikimwagiwa maji baridi. Elektrodi za seramiki nazo hupasuka joto linapobadilika ghafula, na potasi huzila polepole. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani na wa Sovieti walishirikiana kuzijaribu. Waliziweka katika gesi ya moto kwa saa nyingi, wakapitisha umeme, kisha wakazichunguza kuona zimepasuka wapi na zimelika kiasi gani. Hazikudumu kiasi cha kutosha kuendesha mtambo kwa miaka mingi. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mitambo hiyo isienee.

Wataalamu hao nao waliandika yote waliyoyaona, mema na mabaya, kama Faraday alivyoandika habari za daraja lake. Jaribio lililoshindwa, likiandikwa kwa ukweli, humwonyesha afuataye mahali pa kuanzia.

Maswali

1. Kwa nini Faraday alisoma vitabu vingi ingawa alikwenda shule kwa muda mfupi?
2. Sindano ya galvanometa ilicheza darajani. Kwa nini Faraday hakusema kwamba amefaulu?
3. Kwa nini alibadili mabamba ya shaba akatumia ya platini?
4. Eleza tofauti kati ya metali na zirkonia zinapopashwa moto.
5. Taja mambo mawili yanayoharibu elektrodi za seramiki.